Toa Kipande: Historia ya Swali la Karao

Najua nimekuwa kimya wiki mbili tatu hivi, kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kichwani muda mrefu. Ni swali ambalo karibu kila Mkenya mtu mzima amewahi kuulizwa na polisi: "Kitambulisho kiko wapi?"

Wengi wetu hatulifikirii sana. Unachomoa kadi mfukoni, karao anaimulika na tochi, anakurudishia, unaendelea na safari. Mimi swali hilo likinikuta usiku nikitoka kazini, jambo baya zaidi ninaloogopa ni kudaiwa kitu kidogo. Jina langu na sura yangu havijawahi kuniletea swali la pili. Lakini nina rafiki niliyesoma naye chuoni, mzaliwa wa Garissa, ambaye kwake kadi ndiyo inayoanzisha maswali badala ya kuyamaliza. Uliipata wapi? Baba yako ni nani? Chifu wenu anaitwaje? Tuna kadi ya aina moja, iliyotolewa na serikali moja, chini ya sheria moja. Mbona yangu inatosha na yake haitoshi?

Ukiwauliza watu wa usalama watakwambia ni mambo ya ugaidi na wahamiaji haramu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na nitalirudia. Lakini swali la karao ni la kale kuliko ugaidi, tena ni la kale kuliko Jamhuri yenyewe. Hebu tuifuate historia yake.

Wazee wengi hadi leo hukiita kitambulisho "kipande". Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wenyeji. Vita vya Kwanza vya Dunia viliichelewesha, na utekelezaji wake ukaanza mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, na nafasi ya mwajiri kuandika alianza kazi lini, analipwa kiasi gani na ameachishwa lini. Cheti kilitiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani ile njuga anayofungwa mbuzi. Sidhani kama kuna msomi aliyewahi kukieleza kwa ufupi na usahihi kuliko wao.

Kazi ya kipande ilikuwa kumzuia mfanyakazi asitoroke shamba la mlowezi. Polisi akikukuta njiani bila kipande, ni faini au jela. Akikukuta nacho lakini mwajiri wako hajatia saini ya kukuachilia, unarudishwa ulikotoka. Sasa angalia kichekesho chake, maana ndicho msingi wa makala haya. Walowezi, ambao ndio waliokuja, hawakuvaa kopo lolote. Aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ana haki ya kuwa mahali alipo ni mwenyeji, juu ya ardhi ya babu zake. Polisi hakuhitaji kushuku kosa lolote. Rangi ya ngozi ilimtosha.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake mwaka 1921. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Polisi walifyatua risasi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 20, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru aliyewachochea wanaume waliokuwa wakisitasita. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba suala la kuonyesha karatasi barabarani ni jambo dogo, mkumbushe kwamba kuna Wakenya waliokufa kwa ajili yake.

Mwaka 1947 sheria hiyo ilibadilishwa ili kila mtu aandikishwe, mweusi, mweupe na Mhindi. Walowezi walipiga kelele kweli waliposikia kwamba na wao watachukuliwa alama za vidole! Mkuki kwa nguruwe. Na wanawake, kama hamkuwa mnajua, waliingizwa katika uandikishaji mwaka 1978.

Lakini kuna jambo jingine tulilorithi kutoka kwa Mwingereza mbali na kadi, nalo ni mchujo. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, majeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi. Operesheni hiyo iliitwa Anvil. Mtaa baada ya mtaa, watu walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari, wakatenganishwa kwa kabila. Wasio Wakikuyu, Waembu au Wameru waliachiliwa. Waliobaki walipelekwa Langata kuchujwa, na huko mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, alitikisa kichwa juu au chini na hatima yako ikawa imeamuliwa. Zaidi ya watu 20,000 waliishia katika kambi za kizuizini kama Manyani na Mackinnon Road.

Naomba mkumbuke hatua zake: zingira mtaa, kamata wote, tenganisha kwa kabila, peleka mahali pa wazi penye nafasi, kisha ndipo uanze kuuliza nani ni nani. Tutakutana nazo tena mara mbili, bendera ikiwa imeshabadilika.

Uhuru ulipokuja, swali la nani ni mwenyeji liligeuka. Kusini mwa nchi, mwenyeji sasa alikuwa raia. Kaskazini mambo yalikuwa tofauti. Eneo lililoitwa Northern Frontier District lilikuwa limefungwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wageni hawakuingia bila kibali, na wenyeji wake waliwekewa mipaka ya kutoka. Mwaka 1962 tume ya Waingereza iliwauliza wakazi wanataka nini, na Wasomali wengi wakajibu kwamba wanataka kuungana na Somalia. Hawakupewa. Vita vya Shifta vikapiganwa kuanzia 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilibaki Kaskazini Mashariki hadi mwaka 1991. Yaani mtoto aliyezaliwa Wajir siku ya uhuru alifikisha miaka karibu 28 bila kuonja sheria ya kawaida ya nchi yake.

Mwaka huo wa 1967 Bunge pia lilipitisha Sheria ya Uhamiaji. Walioguswa zaidi walikuwa Wahindi waliokuwa na pasi za Uingereza, ambao sasa walihitaji vibali vya kufanya kazi. Maelfu waliondoka, na Uingereza nayo ikakimbilia kutunga sheria ya kuwazuia Machi 1968. Kulikuwa na uchungu mwingi katika kisa hicho. Hata hivyo suala lao lilihusu karatasi: una pasi gani, umeomba uraia au hukuomba. Kwa Msomali wa Kenya karatasi haikumaliza jambo, kama ilivyoonekana mwaka 1989.

Novemba 1989 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilitangaza kwamba Wasomali wote wa Kenya waliofikisha miaka 18 wajitokeze kuchujwa. Soma tena: hawakutakiwa wageni, walitakiwa Wasomali wote, wakiwemo waliokuwa na vitambulisho, pasi na vyeti vya kuzaliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wageni kutoka Somalia wameingia na kujichanganya nao. Watu walisimama mbele ya kamati wakaulizwa ukoo wao, jilibu lao, mzee wao na chifu wao. Waliofaulu walipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Walioshindwa walinyang'anywa karatasi zao, na wengine wakafukuzwa nchini.

Na mnajua nani alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya wakati huo? Jenerali Mahmoud Mohamed, Msomali wa Kenya, ambaye mwaka 1982 ndiye aliyeongoza kikosi kilichozima mapinduzi dhidi ya serikali hiyohiyo. Unaweza kukabidhiwa vifaru na ndege za nchi, na bado jamaa zako wakasimama foleni kuthibitisha kwamba ni wananchi.

Kadi ya waridi iliachwa baadaye, lakini desturi haikufa. Iliingia katika ofisi za vitambulisho. Kijana wa Kiambu alifika na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akasubiri kadi yake. Kijana wa Mandera, au Mnubi wa Kibra ambaye babu yake aliletwa na jeshi la Mwingereza, alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama "kupigwa msasa". Neno hilo tunalitumia kila siku kwenye habari bila kusikia maana yake. Msasa ni wa kukwangua mbao. Mtu akipigwa msasa, kinachokwanguliwa ni nini?

Tufike sasa mwaka 2014, ambao wengi wenu mnaukumbuka. Nchi ilikuwa na majonzi na hofu ya kweli. Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Machi 2014 waumini walipigwa risasi kanisani Likoni, na tarehe 31 mwezi huohuo milipuko ikaua watu Eastleigh. Siku chache kabla ya milipuko hiyo serikali ilikuwa imeagiza wakimbizi wote wa mijini warudi Dadaab na Kakuma. Agizo kama hilo lilikuwa limetolewa Desemba 2012, na Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alilitupilia mbali, akisema serikali haikuonyesha jinsi kuwahamisha wakimbizi wote kungeleta usalama. Miezi minane tu baadaye likarudi likiwa na nguo mpya.

Aprili 2014 ikaanza Operesheni Usalama Watch. Polisi wapatao 6,000 walimwagwa Eastleigh na mitaa mingine. Kufikia katikati ya mwezi watu karibu 4,000 walikuwa wamekamatwa. Wengi walipelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani, ambao serikali iliutangaza rasmi kuwa kituo cha polisi. Ndiyo, uwanja tunaokwenda kushangilia Harambee Stars! Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wengi walikaa siku kadhaa. Wakimbizi walikuwamo, wageni wasio na vibali walikuwamo, na raia wa Kenya wenye vitambulisho walikuwamo, wakisubiri mtu wa kuamini kadi waliyopewa na serikali. Mamia ya watu walirudishwa Somalia kwa ndege. IPOA, mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, ilichunguza na kukosoa vikali jinsi operesheni ilivyoendeshwa.

Mtaani nako kila mtu alijua bei. Watu wa Eastleigh walikuwa na msemo kwamba polisi wamewageuza ATM: bonyeza, pesa zitoke. Mwenye chochote alilipa akaachwa, asiye na kitu akapakiwa lorini. Hapo ndipo nashindwa kuelewa hoja ya usalama. Kama njia ya kutoka mkononi mwa polisi ni noti, basi anayetoka kwa urahisi ni yule mwenye fedheha na fedha, na gaidi aliyetumwa kazi hakosi nauli.

Sasa nirudi kwenye hoja ya ugaidi kama nilivyoahidi. Tarehe 2 Aprili 2015, mwaka mmoja baada ya Usalama Watch, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wetu. Sitaki kulipita hilo haraka. Lakini baadaye serikali ilimtaja mmoja wa washambuliaji kuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu Mandera. Mpitishe kijana huyo kwenye msasa. Chifu wenu anaitwaje? Ni baba yangu. Angefaulu kwa alama zote. Na kwa maelezo ya serikali yenyewe, baba huyo alikuwa ameripoti kwamba mwanawe ametoweka. Habari ya maana ilitoka kwa mzazi aliyeiendea serikali, si kwa karao aliyesimamisha basi na kuwateremsha abiria kwa kuangalia nyuso.

Hili ndilo jambo ambalo historia hii inanifundisha. Uraia hauonekani kwa macho. Hauko kwenye pua, wala kwenye buibui, wala kwenye lafudhi. Sheria ya uhamiaji huuliza jambo la karatasi: mtu huyu ana haki ya kuwa hapa au hana? Ukimkabidhi swali hilo polisi wa barabarani, gizani, na ukamruhusu aanze na yeyote anayemshuku, hana kifaa kingine ila macho yake. Naye ataona kabila. Methali yetu inasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa muuza samaki ni busara. Kwa polisi ni hatari, maana binadamu hatukuwekwa kwenye tenga moja.

Je, polisi wasiulize kabisa? Sisemi hivyo. Nchi yoyote ina haki ya kujua nani ameingia, na kuna watu hapa wasio na vibali. Suala ni mzigo wa uthibitisho uko begani mwa nani. Kuhusu hili kuna hukumu moja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sheria aisome, nayo inatuhusu sisi na jirani zetu Watanzania.

Mwaka 2012 Mtanzania mmoja alikwenda kituo cha polisi Babati kwa shughuli za kufunga ndoa. Polisi wakaishikilia pasi yake wakidai wanashuku uraia wake. Swali la ndoa likageuka swali la utaifa. Mwaka 2014 alifukuzwa na kuletwa Kenya, Kenya nayo ikamkataa na kumrudisha, na mtu huyo akaishia kuishi katika kile kipande cha ardhi cha mpakani Sirari ambacho si cha huku wala kule. Alipeleka kesi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha. Tarehe 22 Machi 2018 majaji walisema hivi kwa ufupi: mtu aliyekuwa akitambuliwa kuwa raia, akiwa na karatasi alizopewa na serikali yake, ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Tanzania ikakutwa imemnyang'anya uraia wake kiholela.

Ukiipima Kasarani kwa kipimo hicho, inaanguka. Kadi ya waridi inaanguka. Na kipande cha 1919 ndicho kinachoanguka kwa kishindo zaidi, maana ndicho kilichoanza kumwambia mwenyeji: thibitisha.

Februari 2025 Rais William Ruto alikuwa Wajir, akatia saini tamko la kuondoa upigaji msasa maalum kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Wapo walioshangilia hadi machozi, na wapo waliosema usalama umeuzwa kwa kura. Mimi nasema ni hatua ya haki iliyochelewa sana. Lakini tamko hilo linahusu dirisha la ofisi. Linahusu kuipata kadi. Halisemi lolote kuhusu siku kadi hiyo itakapokuwa mkononi mwa karao, saa tano usiku, naye anaigeuzageuza kana kwamba ni noti bandia.

Kwa hiyo kipimo changu ni chepesi. Nitaamini tumemaliza habari ya kopo la shingoni siku rafiki yangu wa Garissa atakapotoa kitambulisho, karao akakitazama, akakirudisha, na akasema neno lile ninaloambiwa mimi kila mara bila hata kulisikia: "Haya, enda."

Karibuni kwenye maoni hapo chini. Na wewe ambaye umewahi kuulizwa swali la pili, tuambie liliulizwaje.